Shule ya kartie: maji na choo havipigiwi kura

Komite ya wazazi inapokutana mwanzoni mwa mwaka wa shule, iwe Ndosho, Majengo au Mugunga, kartie (mitaa) za mji wa Goma, maombi hufanana: darasa lingine, ukuta wa kuzunguka uwanja, madawati, rangi. Yote ni maombi ya haki. Ila maji, choo na usalama wa pale watoto wanapocheza havichaguliwi kwa kunyoosha mikono. Hivyo huhesabiwa kwanza, na kura hufuata.

Hesabu ianzie kwenye zamu yenye watoto wengi, kwa sababu shule nyingi za mjini Goma hufundisha asubuhi na mchana, na vyoo ni vilevile. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni tundu moja la choo kwa wasichana 25, na tundu moja pamoja na sehemu ya kukojolea kwa wavulana 50. Zamu ya wasichana 190 na wavulana 160 inahitaji matundu 8 ya wasichana na 4 ya wavulana, mbali na choo cha walimu. Tundu lililojaa, lenye kufuli nje au lisilo na mlango lisiandikwe. Hapo ndipo komite hukosea: milango ni kumi, wanaandika kumi, kumbe watoto wanatumia minne. Kwa wasichana wa darasa la 5 na la 6, chumba kimoja angalau kiwe na komeo la ndani, maji na ndoo yenye kifuniko. Waulizwe wao wenyewe, na mwalimu wa kike, wavulana wasiwepo.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Mji umekaa juu ya lava, na ile ya Januari 2002 ilipita katikati yake. Kuchimba mita tatu kwenye makoro, yaani mawe ya lava, ni kazi ya nyundo na patasi kwa siku nyingi, hivyo fundi huishia mita moja na choo hujaa mapema. Tena lava ina nyufa: maji machafu hupenya upesi bila kuchujwa na udongo. Choo kinachofaa huku huinuliwa juu ya ardhi, chenye ngazi, chumba cha kinyesi kilichopigwa plasta ya saruji ndani, na mlango wa nyuma wa kuzolea. Ukikadiria lita 20 kwa mtoto kwa mwaka, watoto 350 wanajaza meta za ujazo 7. Anayejenga chumba cha meta za ujazo 7 ajue kwamba mwaka ukiisha lazima kizolewe, na pesa ya kuzoa iwe imetengwa siku ya kununua saruji. Vyoo vingi vya shule havifi kwa kubomoka. Hufa kwa kujaa.

Maji ya kunywa na kunawa ni lita 5 kwa mtoto kwa siku. Kwa watoto 350 ni lita 1,750, yaani bidoni 88 za lita 20. Mvua husaidia: milimita moja juu ya paa la meta za mraba 100 ni lita 100, na takriban 80 hufika kwenye tanki. Lakini moshi wa volkano ya Nyiragongo huifanya mvua kuwa na asidi, inayokula mabati, na kuongeza floridi, inayoharibu meno ya watoto. Maji hayo yaoshe vyoo na sakafu. Yasinywewe kabla ya kupimwa.

Yanayonywewa, mara nyingi kutoka ziwani, yatiwe klorini hata kama yanaonekana maangavu, kwani kipindupindu hurudi hapa mara kwa mara. Gramu 15 za unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70 katika lita moja ya maji hutoa dawa ya asilimia 1. Jaza ndoo nne za lita 20, tia dawa hiyo mililita 1 katika ya kwanza, 1.5 katika ya pili, 2 katika ya tatu na 2.5 katika ya nne, ngoja dakika 30, kisha pima klorini iliyobaki. Chagua kipimo kinachoacha miligramu 0.5 za klorini kwa lita. Maji ya Ziwa Kivu yana alkali, na alkali hupunguza nguvu ya klorini, kwa hiyo ni salama zaidi kungoja saa nzima kabla ya kuwapa watoto. Maji yenye tope yatulizwe na kuchujwa kwanza, maana tope hula dawa. Dawa yenyewe ikae kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga, na ibadilishwe kila wiki.

Upande wa Lac Vert na Mugunga kuna jambo lisilongoja mkutano: mazuku, yaani mashimo yenye gesi ya kuua. Gesi ya kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hulala mabondeni, na mtoto mfupi huivuta kabla ya mtu mzima kuihisi. Ndege, mijusi au wadudu waliokufa pamoja shimoni ni dalili. Sehemu hiyo izungushiwe uzio leo, na watoto wakatazwe kuufuata mpira uliotumbukia humo.

Sasa pigeni kura juu ya yaliyobaki. Kila mzazi apewe maharagwe matano ayagawe kwenye makopo, kopo moja kwa kila ombi. Hivyo mama aliyekaa nyuma kimya ana nguvu sawa na baba mwenye sauti kubwa. Na kwa kuwa ibara ya 43 ya Katiba ya Kongo inasema shule ya msingi ya serikali ni bure, mchango wowote uwe wa hiari, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu yake.

Kabla hamjatawanyika, andikeni ukutani mambo matatu: nani hununua klorini, nani hushika ufunguo wa choo, na siku gani ya mwezi tanki husafishwa.