Je, wajua kwa nini mtoto wa JSS hubishana na wenzake darasani badala ya kunakili ubaoni?

Mzazi akichungulia dirishani mwa darasa la Gredi ya Saba, mwaka wa kwanza wa Sekondari Msingi (JSS), hapa Malindi, iwe Maweni, Barani au Muyeye, huenda akaona jambo la kumtia shaka. Madawati yameelekezana. Watoto sita wamekizunguka kikaratasi kimoja na kila mmoja ana lake la kusema. Mwalimu hayuko mbele. Yuko katikati yao, ameinama, asikiliza. Ubao una mistari miwili tu. Mzazi aliyesoma enzi za 8-4-4, aliyenakili hadi kidole kikaota sugu, hujiuliza: huyu mwanangu asoma au acheza?

Aghalabu asoma. Ila swali lenyewe ni la haki, kwa sababu kuwakalisha watoto pamoja si lazima kuwe kuwafunza. Kuna darasa la vikundi ambalo kweli ni mchezo, na kuna lile ambalo mtoto hutoka akiwa amechoka akili. Kwa dirishani yote mawili yanafanana.

Historia ya mtaala nitaipitia mbio, maana wengi wameshaisikia mikutanoni hadi basi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulimpima mtoto wa shule ya msingi kwa mtihani mmoja mkubwa, KCPE, ambao wa mwisho ulifanywa 2023. Mtaala wa umilisi, yaani CBC, ulianza nchi nzima 2019, kwa chekechea na gredi tatu za mwanzo. Waliokuwa Gredi ya Tatu mwaka ule ndio waliofungua Sekondari Msingi mwaka 2023, ndani ya nyua za shule za msingi na mara nyingi wakiwa na mwalimu mmoja au wawili tu kwa masomo yote. Sasa masomo ni tisa na vipindi ni vya dakika 40. Mtaala wenyewe umetaja umilisi, yaani uwezo, wa aina saba ambao mtoto anatakiwa kuupata, na mawasiliano na ushirikiano ni mmojawapo, sawasawa na kufikiri kwa kina na matumizi ya teknolojia. Kwa hivyo kufanya kazi na wenzake si pambo la kipindi wala njia ya mwalimu kupumzika. Ni jambo la kufunzwa.

Lakini hufunzwaje? Hapo ndipo penye utata.

Mwaka 1913 mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Max Ringelmann, alichapisha matokeo ya majaribio ya kuvuta kamba. Aliwapima watu wakivuta mmoja mmoja, kisha wakivuta pamoja. Hesabu ya kawaida ingesema watu wanane watavuta mara nane. Haikuwa hivyo: wakiwa wanane, kila mmoja alitoa takribani nusu ya nguvu zake. Aliyewahi kusaidia kukokota mashua kutoka majini hahitaji Mfaransa amwambie haya, kwani daima yupo mtu anayepiga kelele za “harambee” kuliko wote huku mikono yake imeigusa tu mbao. Miongo kadhaa baadaye watafiti wa Marekani waliwaambia wanafunzi wapige makofi na kelele kwa nguvu zao zote, na wakaona vivyo hivyo: wakiwa wengi, kila mtu hupunguza. Ila mtu akijua kwamba sauti yake yeye inapimwa peke yake, ule uvivu hutoweka.

Shikilia jambo hilo la mwisho, maana ndilo linalolitenga darasa moja na lingine. Mwalimu akisema tu “kaeni kwenye vikundi mjadili”, ameitupa kamba chini. Mmoja atavuta, watano watamtazama.

Aliyelishughulikia tatizo hili kwa utaratibu ni Larry Michaelsen, mhadhiri wa masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 darasa lake lilifurika wanafunzi, naye hakutaka kugeuka mtu wa kuhutubia umati. Akabuni utaratibu wa kujifunza kwa timu ambao baadaye ulienea katika vyuo vingi, vya udaktari vikiwemo. Mtaala wetu haukuunakili utaratibu huo. Vitabu vya walimu huelekeza tu kwamba wanafunzi wajadili au wachunguze jambo fulani wakiwa katika vikundi. Namna ya kukijenga kikundi hicho kiwe na kazi ya kweli, hapo ndipo mwalimu wa JSS anapoweza kuazima kwa Michaelsen, na wala haihitaji mtambo wowote.

Tuchukue somo linalotuhusu watu wa huku. Sayansi Jumuishi ya Gredi ya Saba ina mada ya michanganyiko na njia za kuitenganisha, na ukitoka Malindi kuelekea kaskazini hadi Gongoni na Marereni, mchanganyiko huo hutenganishwa mashambani kila siku jua likiwaka: maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa yasiyo na kina, maji yakapaa, chumvi ikabaki.

Kazi huanzia nyumbani. Mtoto huambiwa asome kurasa tatu au nne za kitabu usiku wa kuamkia somo. Hapa Pwani mtoto wa Kiislamu akitoka shule huingia madrasa, hivyo nafasi yake ni ile ya kati ya Magharibi na Isha, au baada ya chakula. Kurasa tatu si mzigo, lakini zisiposomwa kila kinachofuata huharibika.

Asubuhi mwalimu hatoi mhadhara. Hugawa maswali matano ya kuchagua jibu, na kila mtoto huyajibu peke yake, kimya, kisha karatasi huchukuliwa. Kinachopaa maji ya bahari yakianikwa juani ni nini? Mbona mvua itokanayo na bahari si ya chumvi? Hapo ndipo sauti ya kila mmoja inapopimwa. Asiyesoma amejulikana, na amejijua mwenyewe.

Kisha, maswali yaleyale. Safari hii timu nzima ina karatasi moja na lazima ikubaliane jibu moja. Hicho ndicho kipindi cha kelele ambacho mzazi hukiona dirishani. Mmoja ashikilia kwamba chumvi hupaa pamoja na maji, mwingine amwambia basi mvua ingetuwashia vidonda. Wa tatu hasemi kitu, lakini amegundua kwamba jibu aliloandika peke yake dakika kumi zilizopita halikuwa sahihi, na amesikia kwa nini, kwa lugha ya mtoto mwenzake. Kwenye vyuo tajiri hutumia kadi za kukwangua kama zile za salio la simu: ukikwangua jibu sahihi hutokea nyota, ukikosea hujaribu tena kwa alama pungufu. Mwalimu asiye na kadi huweza kukaa na majibu mfukoni na kupita timu kwa timu akisema “ndiyo” au “rudini”. Kinachotakiwa ni timu ijue papo hapo, wakati mabishano bado yana moto.

Halafu kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote: pingamizi. Timu ikiona swali lilikuwa na utata au kitabu kinasema vingine, huruhusiwa kupinga, lakini kwa maandishi na kwa kutaja ukurasa. Kunung’unika hakuna alama. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anayefungua kitabu kwa hiari yake ili kumthibitishia mwalimu kwamba swali lake lina kasoro, huyo amesoma ukurasa ule kuliko angeunakili mara tatu. Baadhi ya wazee huona huu ni utovu wa adabu. Mimi naona kinyume: ndiyo adabu ya kubishana ambayo tungetamani kuiona kwenye vikao vyetu wenyewe.

Baada ya hapo mwalimu hueleza kwa dakika chache yale tu yaliyowashinda wengi, kisha huja kazi kubwa. Timu zote hupewa tatizo moja: mna lita 10 za maji ya bahari, mwataka chumvi kabla ya wiki kwisha na kwa gharama ndogo. Mtatumia A, ndoo ndefu iliyowekwa juani. B, sufuria juu ya jiko la makaa. Au C, masinia mapana yaliyoanikwa? Jiko ni la haraka lakini makaa ni pesa. Ndoo na sinia zote hutumia jua la bure, ila sinia huyatandaza maji yakaonana na jua na upepo kwa eneo kubwa. Hapo hesabu nayo huingia: maji ya bahari huwa na takribani gramu 35 za chumvi kwa lita, basi lita 10 hutoa kama gramu 350, na je, makaa yaliyoteketea yalikuwa ya bei gani ukilinganisha na pakiti ya dukani? Mwalimu akihesabu moja, mbili, tatu, timu zote huinua kadi ya A, B au C kwa pamoja. Kwa pamoja, kwa sababu zikijibu moja baada ya nyingine, timu ya tatu itadandia jibu la timu ya kwanza.

Na hapa ndipo mtoto asiyetajwa sana huibuka. Chumvi ya bahari ikikaushwa hadi tone la mwisho huwa na uchungu, kwa sababu chumvi za magnesiamu huganda mwisho kabisa. Watengenezaji huyamwaga maji yale ya mwisho. Mtoto ambaye babake hufanya kazi kwenye mabwawa ya Gongoni huenda analijua hilo tangu utotoni bila kujua ni sayansi. Darasa la kunakili halimpi nafasi ya kulisema.

Sasa malalamiko ya wazazi, ambayo mengine ni ya kweli.

La kwanza: mwanangu ni hodari, kwa nini awabebe wengine? Kwa utaratibu niliouelezea hawabebi, kwa sababu alama za peke yake zipo na zinahesabiwa. Tena anayeeleza hufaidika kuliko anayeelezwa. Madrasa zetu zimelijua hili zamani, mwanafunzi mkubwa akimsikiliza mdogo juzuu yake huku naye ya kwake ikizidi kushika. Lakini ikiwa mwalimu hutoa alama moja tu kwa kundi zima na hana njia ya kujua nani alifanya nini, mzazi ana haki ya kulalamika, na alalamike.

Kuhusu alama za kitaifa, hofu nyingi hazina msingi. Matokeo ya mwisho wa Gredi ya Tisa hujumlishwa hivi: asilimia 60 ni mtihani wa KJSEA wenyewe, 20 ni ule wa KPSEA aliofanya Gredi ya Sita, na 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane. Mtihani mtoto huufanya peke yake, na tathmini huingizwa kwa jina lake. Waliofanya KJSEA mara ya kwanza ni wa 2025.

La pili: mwanangu amewekwa na watoto asiowapenda. Ndivyo inavyotakiwa. Timu husukwa na mwalimu, ya watoto watano hadi saba, ikichanganya wepesi na wazito, na hukaa muhula mzima au zaidi ili wazoeane. Marafiki wakijichagua hufichiana uvivu. Kama shaka ni wavulana na wasichana kukaa meza moja, jambo ambalo huku kwetu huulizwa kwa sauti ya chini, utaratibu huu hauna sharti juu ya hilo. Zungumza na mwalimu. Timu za wasichana peke yao hufanya kazi vilevile.

La tatu ndilo zito: gharama. Saa mbili usiku mtoto akumbuka kwamba kesho kikundi chake kinahitaji manila, gundi na picha za kuchapisha, na mama atoka mbio kutafuta saiba iliyo wazi. Kazi hiyo mara nyingi huishia kufanywa na mama huyohuyo au na mtoto mmoja mwenye simu nyumbani. Michaelsen alipinga jambo hili hasa: kazi ya timu ifanyiwe darasani, wote wakiwepo, kwa vifaa vilevile. Ikipelekwa nyumbani watoto huigawana vipande, au mmoja huibeba yote, na mjadala ndio unaokufa. Nyumbani zibaki zile kurasa tatu.

Kwa hivyo kikao cha wazazi kikifika, kuuliza “mbona hawaandiki?” hakutakupeleka mbali. Uliza mtoto anapimwaje peke yake kabla ya kuingia kwenye timu, timu zilipangwa na nani, na kwa nini kazi ya kikundi ije nyumbani. Mwalimu aliyejipanga atakujibu papo hapo. Asiyejipanga atajua kwamba wazazi wameanza kuelewa, na hilo nalo lina faida yake.

Jambo moja zaidi, kwa sababu huzua ugomvi wa majirani. Katika utaratibu huu watoto wa timu moja hupeana alama mwishoni mwa muhula: nani alikuja amesoma, nani alisikiliza wenzake. Mwanao akirudi amenuna kwamba mtoto wa nyumba ya pili amempa chache, kabla hujavaa viatu kwenda kubisha hodi, muulize kama alikuwa akizisoma zile kurasa.