Ostrakismo: kura ya kumwondoa mtu Athene bila kesi

Ostrakismo ni utaratibu wa Athene ya kale uliowaruhusu raia kumtoa mtu mmoja mjini kwa miaka 10, bila shtaka, bila shahidi, bila utetezi. Haukuwa adhabu ya kosa. Aliyetolewa alibaki raia, mashamba yake hayakuguswa, na muda ukiisha alirudi na haki zake zote.

Kila mwaka, wakati wa baridi, mkutano wa raia uliulizwa: mwaka huu tupige kura hiyo au tusipige? Hakuna jina lililotajwa. Wakikubali, siku ilipangwa wiki kadhaa mbele, na hapo kampeni za chini kwa chini zikapamba moto. Siku ikifika, uwanja wa soko ulizungushiwa uzio wenye milango 10, mmoja kwa kila kabila. Raia aliingia na kigae cha chungu kilichokwaruzwa jina la anayetaka aondoke. Kwa maelezo ya Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa karne za baadaye, vigae vyote visipotimia 6,000, kura ilibatilika. Philochorus, mwanahistoria wa Athene, anadai kura 6,000 zilitakiwa dhidi ya mtu mmoja. Kwa mji ule, hilo ni gumu kuaminika. Aliyepata kura nyingi zaidi alipewa siku 10 awe ameondoka.

Sheria hii huhusishwa na Cleisthenes, mwanasiasa wa Athene, na mageuzi yake ya kidemokrasia ya 508 KK, ingawa ilitumika mara ya kwanza 487 KK, dhidi ya Hipparchus, jamaa wa ukoo uliowahi kuitawala Athene kimabavu. Ilikusudiwa kuzuia udikteta usirudi. Muda si muda ikawa silaha ya kumwondoa mpinzani wa kisiasa: Aristides alitolewa 482 KK, kisha akaitwa mapema Waajemi walipovamia; Cimon akafuata 461 KK.

Ilivurugika palipokuwa na watu waliojipanga. Katika kisima kimoja kando ya Acropolis, kilima cha ngome cha Athene, vilipatikana vigae 190 vyenye jina la kiongozi Themistocles, vilivyoandikwa na watu 14 hivi tu. Bila shaka viliandaliwa vigawiwe wapiga kura. Pigo kubwa lilikuja kati ya 417 na 415 KK. Viongozi mahasimu Nicias na Alcibiades, kila mmoja akihofia kutolewa, waliunganisha wafuasi wao, kura zikamwangukia Hyperbolus, mwanasiasa ambaye hakuna aliyemwona tishio kwa dola. Swali la kila mwaka liliendelea kuulizwa hata karne iliyofuata, lakini hakuna aliyetolewa tena. Wanasiasa walihamia mahakamani, kushtakiana kwa kupendekeza maazimio yanayopingana na sheria.