Vigawo vya 24 si kumi na viwili

Namba 8 ina vigawo 4, yaani namba zinazoigawa bila baki (1, 2, 4, 8), na 9 ina vigawo 3. Ukizidisha 4 kwa 3 unapata 12, na kweli 72, yaani 8 × 9, ina vigawo 12. Balaa linaanzia hapo: mtu akishapata jibu sahihi mara moja, huamini njia hiyo inafaa kwa namba zozote mbili.

Haifai. Chukua 4, yenye vigawo 3 (1, 2, 4), na 6, yenye vigawo 4 (1, 2, 3, 6). Je, 24, yaani 4 × 6, ina vigawo 12? Viandike: 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12, 24. Ni 8 tu.

Vile vinne vya ziada ni marudio. Kwa kuwa 4 na 6 zote zinagawanyika kwa 2, kigawo kimoja hupatikana kwa njia mbili: 12 ni 2 × 6, lakini pia ni 4 × 3. Ndivyo ilivyo kwa 2, 4 na 6. Kwa 8 na 9 hilo halitokei, maana kigawo chao cha pamoja ni 1 peke yake.

Njia ya uhakika ni kuanzia kwenye namba tasa. 24 ni 2³ × 3. Kuunda kigawo, unachagua 2 ngapi utumie: sifuri, moja, mbili au tatu. Hiyo sifuri ndiyo husahaulika sana! Basi machaguo ni 4, na kwa 3 ni 2 (sifuri au moja). Zidisha, 4 × 2: vigawo 8. Kwa 360, yaani 2³ × 3² × 5, ni 4 × 3 × 2: vigawo 24, bila kuorodhesha hata kimoja.