Papa Leo XIV si "Papa wa Marekani" tu

Tangu Kardinali Robert Francis Prevost achaguliwe kuwa Papa tarehe 8 Mei 2025, wengi wanamwona kama mtu wa taifa kubwa aliyepanda ngazi akiwa kwao. Ni kweli alizaliwa Chicago mwaka 1955 na akasomea hisabati chuoni. Lakini utume wake kwa sehemu kubwa ulifanyika Peru.

Alipelekwa huko mwaka 1985 akiwa padre kijana wa Shirika la Mtakatifu Augustino, na baadaye akalea waseminari mjini Trujillo kwa takriban miaka kumi. Mwaka 2014 alikabidhiwa Jimbo la Chiclayo, mwaka uliofuata akawa askofu wake na kupata uraia wa Peru. Mafuriko yalipokumba eneo lile, aliingia kwenye matope na mabuti ya mpira kuwafikia waathirika. Wakati wa Korona alihimiza michango ya kununua mitambo ya oksijeni. Ndiyo maana siku ya kuchaguliwa, pale roshani, aliwasalimu watu wa Chiclayo kwa Kihispania na hakusema neno la Kiingereza.

Wapo pia wanaodai ndiye Papa wa kwanza kutoka bara la Amerika. Hapana, Fransisko wa Argentina alimtangulia.

Na kwetu hakuwa mgeni kabisa: akiwa mkuu wa shirika lake duniani, 2001 hadi 2013, alifika Tanzania kuwatembelea Waaugustino.