"Nano" kwenye kopo la rangi haizuii maji yenyewe tu

Huku Katwe, Kampala, tunakotengeneza mageti, kopo likishaandikwa "nano", yaani lina unga wa punje ndogo mno zisizoonekana kwa macho, bei inapanda na mteja anaamini kutu ndio basi tena. Banange, jamani, tupunguze hizo sifa.

Ati nano yoyote ukiitia kwenye rangi maji hayapiti? Uongo. Chukua silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga, hio ndio inatumika sana, punje zake kama hazijavishwa kitu zinapenda maji vibaya sana. Na ngozi yake ni kubwa ajabu, gramu moja ya ule unga mweupe mwepesi inaweza kuwa na eneo la mita za mraba 200, yaani sebule kadhaa ukiziunganisha. Sasa ukiumwaga tu kwenye rangi umeficha sponji humo ndani, alafu punje zinang'ang'aniana zinafanya madonge, na pale kwenye madonge rangi haishikani vizuri, maji yanapata kichochoro.

Ndio maana zinavishwa silani kwanza, kemikali ambayo upande mmoja unashika punje na ule mwingine unakataa maji kama mafuta. Niliwahi kuonyeshwa glasi mbili: unga usiovishwa ukalowa ukazama, uliovishwa ukabaki juu mkavu, unakoroga unarudi juu tu, na wote ni silika! Huo uliovishwa ukitawanyika vizuri kwenye rangi, maji yanazunguka zunguka sana kabla ya kufika kwenye chuma. Ila silani lazima ielewane na rangi yenyewe, silani ya rangi ya epoksi, ile ya kuchanganya vikopo viwili, sio lazima ifae kwenye rangi ingine.

Halafu kuna hii ya kumwagia geti maji, matone yakibingirika kama juu ya jani la magimbi mtu anasema tayari, imeshika. Hapo umepima uso tu. Unyevu wa usiku haukai kama tone, unapenya kidogo kidogo kama mvuke, na walio karibu na ziwa huko Entebbe wanaujua vizuri.

Kuzidisha unga nako ni balaa, rangi ikishindwa kuzifunika punje zote inabaki na vitundu.

Juzi jamaa wa Ggaba kaleta pakiti yake ya unga, anataka nimchanganyie. Nikamuuliza, ssebo, huu umevishwa nini? Kimya. Tukapiga msasa kutu ikatoka, praima, koti mbili za rangi ya kawaida, akarudi na pakiti yake mfukoni.