Kambare: samaki anayepanda juu kuvuta pumzi

Kambare ni samaki wa maji baridi mwenye kichwa kipana kilichobapa, mwili mrefu unaoteleza usio na magamba, na sharubu nane kuzunguka mdomo. Anayejulikana zaidi ni Clarias gariepinus, ambaye ameenea sehemu kubwa ya Afrika na anaweza kupita urefu wa mita 1. Wengi humtambua kwa sharubu. Kwangu mimi, ukambare wake hasa umefichika kichwani, juu ya matamvua.

Humo mna viungo vyekundu vyenye matawi, kama vijiti vidogo vilivyochipua, navyo hufyonza oksijeni moja kwa moja kutoka hewani. Kaa kimya kando ya dimbwi lenye tope utamwona: pua inachomoza, anapiga funda moja la hewa, mkia unachapa maji, na kufumba na kufumbua ametoweka, ameacha mapovu tu. Matamvua anayo na anayatumia. Lakini oksijeni ikipungua majini, funda hilo ndilo uhai wake, na akizuiwa kufika juu, hufa maji ingawa ni samaki.

Kwa sababu hiyo dimbwi likikauka hangoji kufa. Usiku, au mvua inaponyesha, hutoka akajikokota nchi kavu, akichomeka miiba ya mapezi ya kifuani ardhini huku akijipinda. Asichanganywe na kamongo, ambaye ana mapafu hasa na hujifukia topeni ndani ya kifuko cha ute hadi mvua zirudi.

Hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, samaki wenzake, hata mizoga. Macho yake ni madogo, ila sharubu zinahisi na kuonja, hivyo giza si kikwazo kwake.

Mvua zikianza na maji yakafurikia nyasi, kambare huelekea maji ya kina kifupi usiku kuzaliana. Dume hujikunja kama upinde kuzunguka kichwa cha jike, wakatulia kidogo, kisha jike hutawanya kwa mkia mayai yanayonata kwenye majani. Baada ya hapo wote wawili huondoka, hakuna mlinzi. Maji yakiwa na joto, mayai huanguliwa kwa siku moja au moja na nusu. Vifaranga huanza kwa kutegemea matamvua peke yake. Baada ya wiki mbili tatu hivi kiungo cha hewa hukomaa, na pua ndogo ndogo huanza kuchomoza juu ya maji.