Kufuta Waya za Mji Mkongwe

Kazi yangu ni kurekebisha picha za filamu kwa kompyuta. Wengi wanaonipigia simu huulizia moto, mlipuko, au jini atokee mwembeni. Mambo hayo yapo, lakini kazi inayonilisha mimi ni ya kufuta. Anakuja mtu na filamu ya zama za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa karne ya kumi na tisa, kaipiga Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe, na ndani ya fremu mna waya za umeme, madishi, viyoyozi vinavyochuruzika na pikipiki iliyoegeshwa barazani. Vyote hivyo viondoke, na mtazamaji asijue kama viliwahi kuwepo.

Kamera ikiwa imetulia juu ya stendi, kazi ni nyepesi. Waigizaji wakimaliza watoke wote, pikipiki isukumwe pembeni, kamera isiguswe, mrekodi tena uchochoro ukiwa mtupu. Hiyo ndiyo pleti safi. Nakata kipande chake, nakibandika juu ya pikipiki, basi. Mwigizaji akipita mbele ya kiraka namchorea maski, yaani mstari wa kumkata umbo lake, inayomfuata fremu kwa fremu. Asili ya ufundi huu ni rotoskopu ya Max Fleischer, iliyopata hataza Marekani mwaka 1917. Yeye alikuwa akichora katuni juu ya picha za mtu halisi. Leo programu zinajichorea zenyewe, lakini ukingo wa buibui linalopeperushwa na kusi bado naumalizia kwa mkono.

Kinachonitesa ni jua na maji. Ikipita nusu saa tu, kivuli cha ukuta kimeshahama na kiraka changu kinajionyesha. Forodhani, pale ufukweni, ndiyo balaa zaidi: siku za bamvua, baina ya maji kujaa na kupwa tofauti hufika karibu mita nne, na yote hayo ndani ya saa sita hivi. Mwigizaji kapigwa picha nyuma yake maji yamejaa, pleti inaonyesha mchanga! Jamani, pleti ipigwe pale pale, kabla mtu hajaenda kunywa chai.

Kamera inayotembea ni habari nyingine. Tuseme mmepiga kutoka ndani ya mashua inayoingia bandarini, na hadithi ni ya zamani. Beit el-Ajaib, lile jumba la kisultani linaloitazama bahari, lilijengwa mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka. Anayetaka kulionyesha zima hana budi kulirudisha kwa kompyuta. Kwanza programu inatafuta alama zisizohama, kama pembe ya dirisha au doa kwenye chokaa, inazifuata, kisha inakokotoa kamera ilikuwa wapi katika kila fremu. Hapo najenga umbo jepesi la jengo, nguzo mbele, ukuta nyuma, na kulivisha picha za zamani. Picha bapa haitoshi: mashua ikisogea, nguzo za mbele hupita haraka kuliko ukuta wa nyuma, na pasipo tofauti hiyo jengo litateleza kama bango la uchaguzi. Mwisho naongeza ukungu wa bahari na chembechembe zinazoonekana kwenye picha za kamera ile ile. Jengo jipya likiwa safi kupita bahari iliyo mbele yake, mtu atalishtukia hata kama hajui kwa nini.

Skrini ya kijani, yaani kitambaa cha nyuma ya mwigizaji ambacho kompyuta hukifuta na kuweka mandhari nyingine, nayo inaulizwa sana. Kijani kinafaa kwa sababu kwenye sensa nyingi za kamera, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, katika kila pikseli (nukta) nne, mbili hupokea kijani. Tatizo ni kwamba video za simu kwa kawaida huhifadhi rangi moja kwa kila pikseli nne, ndiyo maana nywele hutoka na meno kama msumeno. Mwigizaji asogee mita mbili au tatu mbele ya kitambaa, ukijani usimrukie shingoni. Na mwenye kanga ya kijani abadilishe, isije bahari ikaonekana kifuani kwake.

Faili msinitumie kwa WhatsApp, inabana video mpaka kingo zinavurugika. Nileteeni faili halisi kwenye diski, pamoja na pleti, na mniandikie lenzi ilikuwa ya milimita ngapi.